Yorkie ni mbwa wa wafuma nguo

Watu wengi humjua Yorkshire Terrier, au Yorkie kwa kifupi, kwa picha: utepe mwekundu utosini, nywele za singa zimechanwa zikagawanywa katikati ya mgongo, mwili mzima umeingia kwenye mkoba wa mama aliyevaa miwani mikubwa. Wakishaona hivyo, hukumu imetoka: huyo ni pambo, mbwa wa matajiri. Mimi naishi Huddersfield, West Yorkshire, kaskazini mwa England, mji uleule alikozaliwa mwaka 1865 dume anayehesabiwa kuwa baba wa aina hii nzima, na nimechoka kuyasikia maneno hayo. Yorkie alitoka kwa watu wa viwandani, watu walioamka kabla ya mapambazuko na kurudi nyumbani na vumbi la sufu kifuani. Alifugwa ili aue panya. Anayemfuga leo bila kulijua hilo anaweza kumtesa hata kama anampenda kwa moyo wote, na ndiyo maana naandika.

Nilikulia Korogwe, mkoani Tanga, ambako baba alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Mbwa wetu alilala nje, alikula makombo, na kazi yake ilikuwa kubweka usiku na kufukuza nyani mchana. Hakuna aliyemchana nywele. Nilipokuja huku kufanya kazi ya kuhudumia wazee, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa bibi mwenye Yorkie jike aitwaye Dotty, hajafika hata kilo tatu. Bibi alikuwa amemaliza maisha yake ya kazi katika kiwanda cha sufu hapahapa mjini. Hakuwa akifuma; alikuwa mkaguzi. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo kilitandazwa mbele yake juu ya meza iliyoinama, naye akakipapasa kipande kwa kipande, akitafuta mafundo kwa ncha za vidole, akiyatoa na kuziba nyuzi zilizokatika kwa sindano. Alipoumia nyonga nikaanza kumtembezea Dotty. Alipohamia kwenye makao ya wazee yasiyopokea wanyama, Dotty akahamia kwangu. Mengi ninayoyajua kuhusu mbwa hawa nimeyapata kwa bibi yule, na mengine kwa daktari wa wanyama.

Habari yenyewe inaanzia Scotland. Mashine za kufumia zilipoenea katika karne ya 19, mafundi waliokuwa wakifuma kwa mikono huko Paisley na maeneo ya Glasgow waliishiwa riziki. Wengi walifunga virago wakashuka kusini, kwenye viwanda vya Yorkshire na Lancashire, na baadhi yao walikuja na teria wao, mbwa wadogo wa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni. Kulikuwa na Paisley Terrier na Clydesdale Terrier, wenye nywele ndefu na laini. Aina zote hizo mbili zimetoweka duniani. Huku Yorkshire wakakutana na Waterside Terrier, mdogo naye, mwenye rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Wakazaana. Hakuna aliyeweka daftari la nani alizaa na nani, maana hawa walikuwa watu wa kutwa nzima kiwandani.

Jaribu kuiona hali yenyewe. Nyumba za wafanyakazi Leeds na Bradford zilijengwa zikishikana mgongo kwa mgongo, ukuta wa nyuma wa huyu ndio ukuta wa nyuma wa yule, hakuna uwanja, na choo ni cha watu wengi. Panya hawakuhitaji kualikwa. Mbwa mkubwa angekula chakula cha mtoto na asingekuwa na pa kulala. Mbwa wa kilo nne au tano alishiba kwa makombo, akaingia nyuma ya mitambo na chini ya sakafu asikofika paka mnene, na jioni akapanda mapajani kumpasha moto mwenyewe. Isitoshe, kwenye vilabu vya pombe kulikuwa na mashindano: panya wanamwagwa ndani ya kizimba, mbwa anatumbukizwa, watu wanatazama saa na kuweka dau. Mimi siupendi mchezo huo hata kidogo, lakini ulikuwepo, na ndio uliowafanya watu wachague mbwa wenye kasi, macho makali na roho isiyorudi nyuma. Roho hiyo haijaondoka.

Nikitembea na Dotty kando ya mfereji wa Huddersfield Narrow Canal kuelekea Slaithwaite, majengo ya viwanda bado yamesimama pande zote. Mengine yamegeuzwa nyumba za kupanga, mengine yana miti inayoota madirishani. Dotty hana haja na historia. Anataka kujua kuna nini kwenye ufa wa ukuta. Akipata harufu husimama ghafla, anainua mguu mmoja wa mbele, mkia unakuwa wima na mwili wote unatetemeka. Hakuna aliyemfundisha. Na nimetaja mkia kwa makusudi: zamani Yorkie alikatwa mkia akiwa na siku chache tu, kwa ajili ya sura. Huku Uingereza sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007 imepiga marufuku jambo hilo, isipokuwa kwa mbwa wachache wa kazi maalumu au kwa sababu ya matibabu. Ukimwona Yorkie wa huku leo, ana mkia wake. Nafurahi kila ninapouona wa Dotty ukienda huku na huku.

Sasa nije kwa Huddersfield Ben, yule dume niliyemtaja mwanzo. Alizaliwa hapa kwa mfugaji aliyeitwa Eastwood, kisha akachukuliwa na Mary Ann Foster wa Bradford, mwanamke aliyejua kuliangalia umbo la mbwa kuliko wanaume wengi wa wakati wake. Njia za reli zilikuwa zimekwisha kuunganisha miji, na maonyesho ya mbwa yalikuwa yameanza kupendwa; Bi. Foster akamzungusha Ben huku na huko, naye akashinda zawadi zaidi ya 70. Lakini zawadi si kitu kikubwa. Kikubwa ni watoto wake. Kabla ya Ben, ukizalisha mbwa hawa hukujua utapata nini: mmoja mrefu, mwingine mfupi, huyu nywele ngumu, yule laini. Ben aliwapa wanawe sura moja, rangi moja, na miili midogo kuliko wake. Alikufa Septemba 1871, amegongwa na gari la farasi, akiwa na miaka sita tu. Karibu kila Yorkie aliye hai leo ana damu yake.

Wakati Ben anazaliwa jina la Yorkshire Terrier halikuwepo. Walionyeshwa kama teria wa Scotland wenye nywele zilizovurugika. Mwaka 1870, baada ya maonyesho ya Westmorland, mwandishi wa habari Angus Sutherland aliandika kwamba mbwa hawa wameboreshwa sana Yorkshire hivi kwamba wanastahili jina la Yorkshire, na jina likashika. Marekani waliwasajili 1885, na chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kikawakubali mwaka uliofuata.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mabibi wa mijini wakawataka. Mfanyakazi aliyepata watoto wa mbwa wenye nywele nzuri akawa na kitu cha kuuza, na wanunuzi walitaka wadogo zaidi na nywele ndefu zaidi. Watu wa huku walikuwa wakitania kwamba nywele zile zimefumwa kiwandani, haiwezekani ziwe zimeota. Leo kipimo cha maonyesho ni uzito usiozidi kilo 3.2. Ben mwenyewe alikuwa na kilo kama tano. Kwa hiyo ukiwa na Yorkie wa kilo nne mwenye afya, na mtu akakwambia kwamba mbwa wako si halisi, mwambie baba yao wote angekataliwa pia.

Kuna Yorkie mmoja ambaye simwachi nikizungumza juu ya mbwa hawa, naye hakuzaliwa Yorkshire wala hakuwahi kuvaa utepe. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani alimkuta jike mdogo ndani ya handaki lililoachwa katika misitu ya New Guinea. Haijajulikana alifikaje. Askari mwingine, Bill Wynne, alimnunua kwa pauni mbili za Australia na kumwita Smoky. Alikuwa na uzito wa kilo 1.8. Hakuwa na chakula cha mbwa wala daktari wa wanyama. Alikula mgao wa askari, akalala hemani, akapanda naye ndege za vita.

Mapema mwaka 1945 walikuwa Lingayen, kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Waya za mawasiliano zilitakiwa kupita chini ya uwanja wa ndege. Kulikuwa na bomba lenye urefu wa mita 21 na kipenyo cha sentimita 20, na kwenye maungio mchanga ulikuwa umeingia hadi nafasi ikawa ndogo zaidi. Bila bomba hilo, askari wangechimba uwanja kwa siku tatu hivi, ndege zikiwa zimesimama wazi huku adui akishambulia. Wynne alifunga uzi kwenye ukosi wa Smoky, akaenda upande wa pili, akapiga magoti na kumwita. Smoky alijaribu kurudi, akaitwa tena, akaingia. Alitoka upande wa pili na uzi wake, na waya zikavutwa. Pia alizungushwa hospitalini kuwaliwaza majeruhi. Alikufa mwaka 1957, amezeeka, nyumbani kwa Wynne huko Ohio.

Nalisimulia hili kwa sababu ndilo linaloeleza tabia yake. Mbwa aliyeingia kwenye bomba lile alikuwa akifanya walichofanya mababu zake chini ya mitambo ya sufu: kuingia gizani kwa sababu kuna jambo mbele. Yorkie ana moyo wa mbwa mkubwa na hajui kwamba mwili ni mdogo. Atamtolea meno mbwa wa polisi. Atasimama mlangoni na kumkatalia mtu wa posta. Atakufuata chooni. Anapenda watu wake kupita kiasi, na mara nyingi humchagua mmoja kuwa wake hasa, wengine huwavumilia.

Na anabweka. Sitawadanganya. Mfugaji anayesema Yorkie wake hawabweki, muulize maswali zaidi. Kubweka ni taarifa, na njia niliyoona inafaa ni kuipokea. Dotty akibweka mlangoni nakwenda, naangalia, namwambia "asante, basi," na akinyamaza anapata kipande cha kuku kisichozidi ukucha wangu. Nikimfokea anadhani nami nabweka, tunaendelea wote wawili. Alikuja akijua Kiingereza cha bibi. Sasa anaelewa "njoo", "kaa" na "acha" vizuri kabisa, na kwa "acha" ananiitikia haraka kuliko alivyozoea zamani, labda kwa sababu naisema kwa sauti ya mama yangu.

Kinachoniumiza ni kuona mbwa hawa wakinyakuliwa juu kila mbwa mwingine anapotokea. Mara moja unamwokoa. Mara mia unamfundisha kwamba dunia ni ya kutisha. Matokeo yake ni mbwa anayemchachamalia kila mtu kutoka kifuani mwa mwenyewe. Mwache atembee kwa miguu yake. Mkutanishe na mbwa wapole tangu mdogo, kamba ikiwa mkononi mwako, na mbwa mkubwa usiyemjua mpishe tu, vuka barabara bila papara. Dotty hutembea kati ya nusu saa na saa nzima kila siku, na nyumbani namfichia punje za chakula ndani ya taulo lililoviringwa azitafute. Dakika kumi za kunusa zinamchosha kuliko kukimbia. Mbwa wa kazi asiyepewa kazi atajitafutia, na huwa haipendezi.

Watoto wadogo ni suala jingine. Yorkie anapenda watoto, lakini mifupa yake ni myembamba, na akiangushwa kutoka mikononi mwa mtoto wa miaka mitatu anaweza kuvunjika mguu. Kwangu sheria ni moja: mtoto akitaka kumshika, akae sakafuni kwanza.

Nywele. Yorkie hana manyoya ya ndani, yale mazito ya kuzuia baridi. Ana tabaka moja tu la nywele laini zinazoendelea kurefuka, karibu kama za binadamu. Mtoto huzaliwa mweusi mwenye madoa ya kahawia, kisha mgongo hubadilika polepole kuwa bluu ya chuma na kichwa kuwa cha dhahabu. Hapukutishi nywele nyingi, jambo linalowafurahisha wenye makochi, lakini zisipochanwa hujifunga, na fundo likikaza huvuta ngozi hadi inatoka kidonda. Wa maonyesho hupakwa mafuta na nywele zao kukunjwa kwenye vikaratasi, kishada kwa kishada, ili zisikatike. Hiyo ni kazi ya kutwa. Wa nyumbani mpunguze nywele ziwe fupi mwili mzima, na mbele ya macho hakikisha anaona.

Bibi hakutumia kitana kwanza. Alifumba macho, akaingiza vidole kwenye nywele za Dotty kuanzia nyuma ya masikio, kwapani, na kwenye mapaja, sehemu zinazosuguana, akapapasa namna ileile aliyopapasa vitambaa. Alipogusa fundo alilishika kwenye shina ili ngozi isivutwe, akalifungua kutoka nchani kurudi juu. Ndipo kitana kikapita. Mpaka leo nafanya hivyo kila jioni, na kwa njia hiyo nimewahi kuukuta uvimbe mdogo ambao jicho lisingeuona.

Lakini kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu la utunzaji, ningesema meno. Taya la Yorkie ni dogo na meno ni yaleyale 42 ya mbwa mkubwa, yamebanana. Chakula hukwama, ukoga hugeuka ugaga, fizi huvimba, na mbwa wa miaka mitatu anaweza kuwa tayari ana harufu mdomoni na meno yanayocheza. Tena wengi wao hawang'oki meno ya utoto yote: unakuta chonge mbili zimesimama sambamba, ya zamani na mpya. Ikifika miezi saba bado ipo, daktari aiondoe. Mara nyingi huitoa siku ileile ya kumfunga uzazi, akiwa amelala kwa dawa. Kila siku piga mswaki, kwa dawa ya meno ya mbwa. Usitumie ya kwako, maana haitakiwi kumezwa, na baadhi zina zailitoli, sukari bandia ambayo ni sumu kwa mbwa. Sumu hiyohiyo imo kwenye bigijii zisizo na sukari na hata kwenye baadhi ya siagi za karanga, basi soma kopo. Dotty alikuja kwangu bila meno kadhaa, na bado tunasugua yaliyobaki.

Shingo nayo ina siri yake. Bomba la hewa la mbwa hushikiliwa wazi na pete za gegedu, na kwa Yorkie wengi pete hizo hulegea na umri, bomba linabonyea. Utamsikia akikohoa kikohozi kikavu kinachofanana na mlio wa bata bukini, hasa akisisimka au akivutwa. Kwa hiyo ukosi wa shingoni ubebe kibati cha jina tu; kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Usimwache anenepe, na usivute sigara chumba alichomo. Ukikisikia kikohozi hicho, mpeleke kwa daktari.

Magoti yao huteguka: pia ya goti, kile kilegesambwa, huruka kutoka mahali pake, na utamwona anachechemea hatua tatu kwa miguu mitatu kisha anaendelea kama si yeye. Wengine huzaliwa na mshipa wa damu unaolipita ini pembeni badala ya kuingia ndani, hivyo damu haisafishwi. Mtoto asiyekua vizuri, anayezubaa au kuyumba baada ya kula, apimwe mapema. Na watoto wadogo kabisa hawana akiba ya sukari mwilini. Wakikosa mlo mmoja tu wanaweza kulegea na kutetemeka. Walishwe mara tatu hadi nne kwa siku, na ikitokea, pakaa asali kidogo kwenye fizi na ukimbie kwa daktari bila kungoja aonekane amepona.

Chakula kisiwe na mafuta mengi, kongosho lao huvimba kwa urahisi. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, vyote ni marufuku. Huku hatari kubwa ni Krismasi, maana keki na pudini zao zimejaa zabibu kavu. Kwetu hatari ni mchuzi. Makombo ya ugali yaliyolowa mchuzi yana vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa wa kilo mbili kidogo ni kingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ncha kali. Mbwa wetu wa Korogwe alikula vyote hivyo, ni kweli, na hatukujua alikufa kwa nini.

Nimesema ya Korogwe kwa sababu binamu yangu wa Mbezi, Dar es Salaam, ndiye aliyenifanya nikae niandike. Ametumiwa tangazo: Yorkie "saizi ya kikombe cha chai", ana wiki tano, picha yake akiwa ndani ya kikombe kweli. Ananiuliza, "Dada, nimchukue?"

Hakuna aina ya mbwa inayoitwa ya kikombe. Kennel Club haiitambui. Ni jina la biashara, na njia za kuupata udogo huo ni kuzalisha wadogo dhaifu kwa wadogo dhaifu, au kumnyima mtoto chakula, au kumuuza kabla ya umri wake akaonekana mdogo kwa sababu bado ni mchanga. Mtoto wa mbwa asitengane na mama yake kabla ya wiki nane. Huku England, tangu Aprili 2020, sheria iitwayo Lucy's Law inakataza duka au dalali kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Mnunuzi anakwenda kwa mfugaji mwenyewe, na lazima amwone mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo niliyowahi kuisikia ikitumika mitaani, lakini hakuna anayemzuia binamu yangu kuifuata kwa hiari yake. Mwone mama. Mtazame anavyopumua, meno yake, anavyopanda ngazi. Muulize muuzaji mama ana uzito gani na amezaa mara ngapi.

Kwa Dar nimemwongezea mengine. Nywele zikatwe fupi mwaka mzima. Matembezi yawe alfajiri na baada ya magharibi, na lami aiguse kwanza kwa kiganja chake. Kupe ni adui mkubwa kuliko joto: kupe wa mbwa huleta homa zinazokula damu, na mbwa mdogo hana damu ya kupoteza, hivyo dawa ya kuzuia kupe itolewe kwa uzito wake halisi, apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Asiseme mbwa hatoki nje ya geti. Panya wanaingia, paka wanaingia, na huyu, namjua, atawafuata.

Jana usiku amenijibu. Amemwomba muuzaji amwone mama wa yule mtoto, akaambiwa mama yuko mbali, atume nusu ya pesa kwanza asiwahiwe na mteja mwingine. Nimemwambia asitume hata shilingi. Kuna mfugaji Arusha ambaye mama yupo, baba yupo, daftari la chanjo lipo, na watoto wana wiki sita. Jumamosi tutampigia wote wawili kwa video, na swali langu la kwanza litakuwa kama atatuonyesha meno ya mama.